Madhara ya Kukeketa Huonekana Siku ya Kujifungua

Kipini ni mji ulio karibu na mahali Mto Tana uingiapo baharini. Katika Kaunti ya Tana River, hasa miongoni mwa Waorma na Wawardei, desturi ya kukeketa wasichana haijakoma, ijapokuwa katika Kenya nzima imepungua sana. Mwaka 1998 uchunguzi wa Serikali ulionyesha kwamba wanawake 38 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2022 walikuwa 15.

Wazazi wengine huuliza, "Mbona mama zetu walikeketwa, nao wakaishi?" Ni kweli wengi huishi. Siku ile ile msichana huweza kutokwa na damu nyingi, kuzuiliwa mkojo, au kuambukizwa pepopunda. Akipona, watu hudhani mambo yamekwisha. Lakini palipokatwa hubaki kovu, nalo halivutiki kama ngozi nzima. Aliyeshonwa huachiwa tundu dogo tu. Miaka mingi baadaye, anapojifungua, kovu hilo huzuia njia ya mtoto au hupasuka. Na mama akifa, watu husema ni majaliwa, kwa kuwa hakuna akumbukaye kile kisu.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitangaza habari za akina mama zaidi ya 28,000 waliojifungua katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Kwa walioshonwa, hatari ya kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa ilizidi ya wasiokeketwa kwa asilimia 70 hivi, na watoto wao walikufa zaidi. Katika vijiji vya mtoni, ambako mafuriko hukata njia ya hospitali, hatari hiyo ni kubwa zaidi.

Wako wadhanio kwamba dini imeamuru jambo hili. Wanavyuoni wa Kiislamu waliokutana Al-Azhar, mjini Cairo, mwezi wa Novemba 2006, walitangaza kwamba ni desturi ya kurithi tu, wala haina msingi katika Kurani.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 humwadhibu anayekeketa, anayempeleka mtoto, na hata ajuaye asitoe habari: kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au yote mawili.

Yafaa mwanamke mjamzito aliyekeketwa aende kliniki mapema, amweleze mkunga bila haya, ili ajifungulie hospitalini. Na binti ambaye hajakatwa, aachwe kama alivyozaliwa.