Mwenye usonji na desturi za walio wengi

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huishi nayo maisha yake yote, na ambayo humfanya awasiliane, ahusiane na wenzake na kuhisi sauti, mwanga au mguso kwa namna iliyo tofauti na ya watu wengi. Maandishi mengi kuhusu hali hii huwafundisha wazazi na walimu namna ya kumwelewa mwenye usonji, lakini ni machache yanayoeleza jinsi mwenye usonji naye anavyoweza kuwaelewa, na hatimaye kuwakubali, wale wasio na hali hiyo. Katika makala haya watu hao wataitwa walio wengi, kwa sababu wingi ndio unaowapa nguvu: desturi zao zimekuwa kanuni za jamii nzima, nao huzifuata bila kuzitafakari, kiasi kwamba wengi wao hushindwa kuzieleza wanapoulizwa.

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba kasoro ya kuelewana iko upande mmoja tu. Mwaka 1985 Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith walichapisha matokeo ya jaribio la wanasesere wawili, ambapo mtoto alitakiwa kusema mwanasesere aliyetoka nje angeitafuta wapi gololi yake, ilhali mwenzake alikwisha kuihamisha. Watoto 16 kati ya 20 wenye usonji walikosea, na ikaenea dhana kwamba mwenye usonji hawezi kukisia yaliyomo akilini mwa mtu mwingine. Mwaka 2012 mwanasosholojia wa Uingereza, Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, alileta hoja ya uelewa wa pande mbili, yaani kwamba watu wanaouhisi ulimwengu kwa namna tofauti wanapokutana, kila mmoja hupata taabu kumwelewa mwenzake, isipokuwa lawama humwangukia yule aliye wa kundi dogo.

Utafiti umeipa hoja hiyo uzito. Mwaka 2017 Noah Sasson na wenzake walionyesha kwamba watu wasio na usonji, walipowatazama au kuwasikiliza wenye usonji kwa muda mfupi sana, waliwapa alama za chini na hawakuvutiwa kuzungumza nao, lakini waliposoma tu maneno yaliyosemwa, bila sura wala sauti, mtazamo huo mbaya ulitoweka. Kwa hiyo walio wengi hutoa hukumu ya haraka kwa kutazama macho, mikono na mkazo wa sauti, wala si lazima hukumu hiyo itokane na chuki, kwani mara nyingi huwajia kabla hawajaanza kufikiri.

Jambo jingine linalofaa kueleweka ni kwamba kwa walio wengi maneno hayabebi habari peke yake. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski alieleza mwaka 1923 kwamba yapo maongezi ambayo kazi yake ni kufunga uhusiano tu, na hakuna mahali panapodhihirisha hilo zaidi kuliko salamu za Kiswahili. Anayeulizwa habari za nyumbani hujibu kwanza kuwa ni nzuri, kisha ndipo huongeza kwamba mtoto ana homa tangu juzi. Mwenye usonji anaweza kuliona jibu la kwanza kuwa uongo, ilhali kwa msemaji ni namna ya kupokea salamu, na habari yenyewe huanza baada ya hapo. Vivyo hivyo, anayekula barazani humkaribisha kila apitaye, na mpita njia hushukuru na kuendelea na safari yake bila yeyote kuudhika, kwa kuwa wote wawili wanajua kwamba kilichotolewa hapo ni heshima zaidi kuliko chakula. Naye anayealikwa shughulini akajibu kwamba atajitahidi kufika, huenda ameshakataa, ila amechagua kumsitiri mwenyeji wake.

Mwenye usonji akizitazama desturi hizi kama utaratibu wenye mantiki yake, hupungukiwa na ile hasira ya kudhani kwamba amezungukwa na wanafiki, na huweza kuuliza waziwazi pale jibu la hakika linapohitajika: utakuja au hutakuja, nikuhesabu au nisikuhesabu? Hata hivyo, kukubali si kuiga. Wapo wenye usonji wanaojilazimisha kukaza macho, kuzuia miondoko inayowatuliza na kukariri mazungumzo ili wasitambulike, na tafiti zimehusisha kujificha huko na wasiwasi, sonona na uchovu mkubwa. Kuzijua desturi za walio wengi kunampa mwenye usonji uhuru wa kuamua lini azifuate na lini aziache, wala hakumfungi kuzitii zote.

Mzigo wa kuelewana, hata hivyo, haumwangukii yeye peke yake. Mwenye usonji hujifunza kanuni za walio wengi tangu utotoni kwa sababu hana budi, ilhali wao wanaweza kumaliza maisha yao bila kujifunza hata moja ya kwake. Mwalimu, mwajiri au ndugu asemaye jambo moja kwa moja, anayetaja saa kamili badala ya kusema baadaye, na asiyeyachukulia macho yanayotazama pembeni kuwa ni utovu wa adabu, atakuwa ametimiza sehemu yake.