Je, Wajua? Mombasa Ni Karibu, Embakasi Ndiko Mbali

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta hadi ule wa Moi, Mombasa, ni takriban kilomita 420 angani, na jeti huzimaliza kabla saa moja haijaisha. Sasa anzia mtaa wa Kawangware, Nairobi. Hadi Embakasi, uliko uwanja huo wa Jomo Kenyatta, hazifiki kilomita 30, lakini unapanda matatu namba 46 hadi mjini, unashuka na begi begani, unatafuta namba 34. Mvua ya jioni ikinyesha, saa mbili zinayoyoma kwenye foleni. Inauma kuikosa ndege namna hiyo. Kibera, nako, wana uwanja jirani: Wilson, ng'ambo ya Barabara ya Lang'ata. Ngurumo za ndege ndogo ziendazo Maasai Mara husikika hadi chini ya mabati.