Pikapu, Tela na Mnada: Hesabu Mafuta kwa Kichwa cha Mnyama

Siku hizi pikapu imeingia katika maboma mengi ya Longido, Monduli, Simanjiro na Kiteto. Inapeleka mbuzi mnadani, inaleta maji, chumvi, pumba na dawa, na usiku inamwahisha mgonjwa zahanati. Ni msaada mkubwa. Lakini pikapu nayo inakula kila siku, na chakula chake hakioti malishoni.

Siku moja mnadani nilimkuta mfugaji aliyekuja na mbuzi 3 kwenye pikapu. Bei ya siku ile ilikuwa mbaya, naye alitaka kuwarudisha nyumbani asubiri wiki nyingine. Alipotazama mshale wa mafuta, hakuwa na ya kumrudisha. Akamuuza beberu wake mzuri kwa bei ya hasara ili apate dizeli ya kurudi. Mnunuzi alijua hali yake, ndiyo maana hakuongeza hata shilingi. Wiki iliyofuata mfugaji huyo alinijia kuomba dawa ya minyoo kwa mkopo. Fedha ya dawa ilikuwa imeshaungua njiani.

Kipeperushi hiki kinaeleza jinsi ya kujua pikapu yako inakula kiasi gani, hasa inapobeba mifugo au kuvuta tela, na jinsi ya kupunguza ulaji huo bila kuwaumiza wanyama.

PIMA KWANZA: TANGI KUJAA HADI KUJAA

Wafugaji wengi husema, "Gari langu linakula shilingi elfu ishirini kwenda mnadani." Hiyo ni bei tu, na bei ya mafuta hubadilika. Unachotakiwa kujua ni lita moja inakufikisha kilomita ngapi. Fanya hivi:

1. Jaza tangi mpaka juu. Andika kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi.
2. Endesha gari kwa kazi zako kama kawaida.
3. Jaza tena mpaka juu, ikiwezekana pampu ile ile na gari likiwa limesimama mahali tambarare. Andika lita zilizoingia na kilomita mpya.
4. Toa kilomita za mwanzo kwenye kilomita mpya, kisha gawanya kwa lita zilizoingia.

Mfano: umekwenda kilomita 300 na zimeingia lita 30. Lita moja imekupeleka kilomita 10.

Kama unanunua mafuta ya dumu kijijini, tumia dumu moja lenye alama ile ile kila mara. Acha dumu litulie kwanza, kisha mimina kidogo kutoka chini kwenye chupa inayoonyesha. Ukiona maji yamekaa chini na mafuta juu, usiyatie kwenye gari.

Rudia kipimo hiki kwa safari za aina tatu: pikapu tupu, pikapu yenye mifugo, na pikapu inayovuta tela. Utaona tofauti kubwa. Nunua daftari dogo likae ndani ya gari. Andika tarehe, kilomita, lita, fedha, kazi ya safari na idadi ya wanyama. Kama wewe huandiki, mpe kazi hiyo mtoto anayesoma. Ataifanya vizuri, na ataijua mali ya nyumbani kwao.

GAWANYA MAFUTA KWA IDADI YA WANYAMA

Tuseme boma lako liko kilomita 60 kutoka mnadani. Kwenda ukiwa na mbuzi, lita moja inakupeleka kilomita 8, kwa hiyo unatumia lita 7 na nusu. Kurudi ukiwa mtupu, lita moja inakupeleka kilomita 10, kwa hiyo unatumia lita 6. Jumla ni lita 13 na nusu. Ukinunua lita kwa shilingi 3,000, safari hiyo ni shilingi 40,500.

Sasa gawanya:

- Ukipeleka mbuzi 3, kila mbuzi amebeba shilingi 13,500 za mafuta.
- Ukipeleka mbuzi 12, kila mbuzi amebeba shilingi 3,375.

Barabara ni ile ile na pikapu ni ile ile. Tofauti ya zaidi ya shilingi 10,000 kwa kila mbuzi imetokana na kuondoka gari likiwa na nafasi. Kwa hiyo, kabla ya siku ya mnada, mpigie jirani simu. Wenye mbuzi wawili wawili au watatu watatu wapande pikapu moja, na mafuta yagawanywe kwa idadi ya wanyama wa kila mmoja. Patana kabla ya kuondoka, mbele ya mashahidi, ili ujirani usiharibike njiani.

Wakati huohuo usiseme, "Basi nitawashindilia 25 ili mafuta yawe nafuu zaidi." Mbuzi aliyeanguka hukanyagwa na wenzake, na hukosa hewa. Mmoja akifa, ameondoka na faida ya mafuta ya safari nyingi. Kila mbuzi awe na nafasi ya kusimama kwa miguu minne bila kulaliwa na mwenzake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo hairuhusu kumsafirisha mnyama kwa njia ya kumtesa.

TELA LINALIPA LINI?

Tela ni zuri, lakini linakula hata likiwa tupu. Lina uzito wake, lina matairi yake, na kuta zake ndefu zinakaba upepo. Tuendelee na mfano wetu. Ukivuta tela lenye mbuzi, lita moja inakupeleka kilomita 6, yaani lita 10 kwenda. Ukirudi na tela tupu, lita moja inakupeleka kilomita 7 na nusu, yaani lita 8. Jumla ni lita 18.

- Mbuzi 24 kwa pikapu na tela: robo tatu ya lita kwa kila mbuzi.
- Mbuzi 24 kwa safari mbili za pikapu bila tela: lita 27, yaani zaidi kidogo ya lita moja kwa kila mbuzi.
- Mbuzi 14 kwa pikapu na tela: karibu lita moja na robo kwa kila mbuzi.

Unaona? Tela likijaa linaokoa mafuta. Likienda na mbuzi wachache linayapoteza. Kwa mfano huu, wasipofika mbuzi 16, acha tela nyumbani, peleka 12 kwa pikapu, na waliobaki wasubiri mnada ujao. Kwako wewe namba itakuwa nyingine, kwa sababu gari lako na barabara yako si vya mfano. Daftari lako ndilo litakalokuambia.

Ukifunga tela, zingatia haya:

- Soma kitabu cha gari ujue uzito linaoruhusiwa kuvuta. Kwa tela lisilo na breki zake, uzito huo huwa mdogo zaidi.
- Panga wanyama ili uzito uzidi kidogo mbele ya ekseli ya tela. Kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela kiegemee kwenye kiungo cha kuvutia. Uzito ukizidi nyuma, tela litayumba na linaweza kulipindua gari.
- Kagua pini, mnyororo wa usalama na taa za tela.
- Baada ya kilomita chache simama, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Lililo la moto kuliko mengine lina breki inayokwama au beringi inayokufa. Hilo linakula mafuta na linaweza kukuachia tela njiani.
- Usipakie watu kwenye tela, hata kwa safari fupi.

MWENDO UNAOOKOA MAFUTA UNAOKOA NA MNYAMA

Upepo unaolikaba gari hauongezeki polepole. Ukitoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa ukafika 100, nguvu ya upepo huongezeka kwa zaidi ya nusu, na injini hulazimika kuilipa kwa mafuta. Tela refu na turubai linalopepea huzidisha tatizo. Na faida ni nini? Kwa kilomita 60 za lami unaokoa dakika 9 tu. Mnada hautafungwa kwa dakika 9.

Kila unapokanyaga breki ghafla unatupa mwendo ambao umeshaulipia kwa mafuta. Na nyuma, mbuzi wanagongana, wanavunjika miguu na pembe, na ng'ombe anapata michubuko ambayo mchinjaji ataiona kwenye nyama. Kwa hiyo angalia mbali. Ukiona korongo au tuta, ondoa mguu kwenye mafuta mapema, gari lipunguze lenyewe. Ondoka taratibu, panda gia mapema bila kuikaba injini.

Kwenye mteremko usiendeshe gia ikiwa huru ukidhani unaokoa. Gari likiwa kwenye gia na mguu wako hauko kwenye mafuta, injini inakula kidogo sana na inakusaidia kushika breki. Gia ikiwa huru na tela liko nyuma, breki zinachemka na unaweza kushindwa kusimama.

Ondoka alfajiri. Barabara ina baridi na wanyama hawapigwi jua. Mnyama akikaa muda mrefu kwenye joto bila maji hupungua uzito, na mnunuzi anaona mbavu. Mchana ukisubiri, zima injini. Dizeli ikinguruma imesimama inaweza kunywa nusu lita au zaidi kwa saa.

GARI LINALOKULA SANA NI GARI LINALOUMWA

Ng'ombe akila sana asinenepe, tunashuku minyoo. Gari nalo likianza kula kuliko daftari linavyoonyesha, lina ugonjwa. Anza na haya:

- Matairi. Upepo pungufu hufanya gari kuwa zito kama linalotembea kwenye mchanga. Pima asubuhi kabla ya safari, matairi yakiwa baridi. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango au kwenye kitabu cha gari, na matairi ya nyuma huhitaji zaidi gari likibeba mzigo. Kama ulipunguza upepo ili kutoka mchangani, ujaze tena kabla ya kurudi lami. Usisahau matairi ya tela.
- Filta ya hewa. Vumbi letu huiziba haraka. Itoe, ipulize kutoka ndani kwenda nje. Ya karatasi usiioshe kwa maji. Ikishachoka nunua mpya.
- Moshi mweusi. Kama filta ni safi na moshi mweusi bado unatoka, mwone fundi akague nozeli na pampu. Moshi huo ni mafuta yako ambayo hayakuungua.
- Mizigo isiyo na kazi. Vyuma, magogo na madumu yanayozunguka na gari mwezi mzima, yashushe. Vizimba vya mbuzi vinavyofunguka, vifungue siku ambazo si za mnada.

MAJI NA SAFARI ZA KILA SIKU

Mnada ni mara moja kwa wiki. Mafuta mengi hupotea kwenye safari ndogo za kila siku. Chukulia maji. Kisima kiko kilomita 10, kwenda na kurudi 20. Ukienda kuleta madumu 5, gari linaweza kutumia lita 2. Ukienda na tangi la lita 1,000, ambalo ni sawa na madumu 50, linaweza kutumia lita 3. Umeongeza lita moja ya dizeli, umepata madumu 45 zaidi. Lakini kumbuka maji hayo yana uzito wa kilo 1,000. Hakikisha gari lako linaruhusiwa kuubeba, lifunge tangi imara, na nenda polepole, kwa sababu maji hucheza.

Unganisha safari. Siku ya maji iwe pia siku ya chumvi, dawa na kusaga unga. Anayehitaji vocha tu aende kwa miguu au apande bodaboda. Na mama wa nyumba aulizwe kabla gari halijaondoka, maana yeye ndiye anayejua kilichokwisha ndani.

KABLA YA KUWASHA GARI SIKU YA MNADA

1. Je, tuna wanyama wa kujaza nafasi? Majirani wamepigiwa simu?
2. Bei ya wiki hii inasemaje? Piga simu kwa mtu aliyeko mnadani.
3. Kibali cha kusafirisha mifugo kipo? Ukirudishwa kizuizini, mafuta yote yamekwenda bure.
4. Wanyama wote ni wazima? Mgonjwa abaki, na uniite.
5. Matairi, filta na tela vimekaguliwa?
6. Mafuta ya kwenda NA KURUDI yamo kwenye tangi?

Ndugu mfugaji, swali la 6 ndilo kubwa. Mwenye mafuta ya kurudi anaweza kumwambia mnunuzi, "Bei hiyo sitaki," akapakia mbuzi wake akaondoka. Asiye nayo ameshauza kabla ya kufika.

Ukitaka kusaidiwa kupanga daftari lako la kwanza, njoo siku ya josho au mwone afisa mifugo wa kata yako. Njoo na kilomita zako na lita zako, tutazigawanya pamoja.