Bandari si soka tu: Klabu ya gatini na funzo lake kwa vijana wa Kwale

Kama wewe ni wa Ukunda, Diani au Msambweni, pengine Bandari FC unaijua kama ile timu ya ng'ambo ya feri, ambayo imewahi kuvuka Likoni na kuja kuchezea mechi zake za Ligi Kuu katika Uwanja wa Maonyesho, Ukunda. Siku hizo hukuhitaji kubanana ferini ili uone soka ya juu. Ni boda tu, umefika.

Lakini historia yake je? Hebu tulia kidogo, maana inakuhusu kuliko unavyodhani.

Mizizi ya klabu hii iko gatini. Miaka ya 1960, wafanyakazi waliopakia na kupakua meli Kilindini walikuwa na timu iliyoitwa LASCO, jina la kampuni iliyowaajiri. Baadaye ikaja Cargo, ya kampuni ya kuhudumia mizigo. Halmashauri ya Bandari ya Kenya (KPA) iliundwa 1978, na miaka ya 1980 jina likawa Bandari. Umeona? Mwajiri akibadilika, na jezi inabadilika.

Wala si soka peke yake. KPA ina timu za vikapu za wanawake na wanaume, na voliboli pia. Akina dada wa vikapu wamekuwa mabingwa wa Kenya mara kadhaa, ilhali mtaani hadithi ni soka tu!

Huko Ugiriki kuna ndugu yao wa mbali: Olympiacos, klabu ya mji wa bandari wa Piraeus, iliyoanzishwa 1925. Nayo ina soka, vikapu, voliboli na hata polo ya majini. Timu yake ya vikapu ilishatwaa ubingwa wa Ulaya mara tatu kabla ya wenzao wa soka kubeba kombe lao la kwanza la Ulaya, 2024. Mchezo mmoja ukilala, mwingine unaishikilia bendera.

Sasa turudi Mombasa. Mwaka 2019 Bandari ilitamba kwelikweli chini ya kocha Bernard Mwalala. Januari iliwalaza Simba 2-1 kwao Dar es Salaam, kwenye nusu fainali ya kombe la SportPesa. Juni ikaikung'uta Kariobangi Sharks 3-1 na kutwaa Ngao kwa mara ya pili baada ya 2015. Ligini ilimaliza ya pili, msimu wa pili mfululizo. Kikombe cha ligi kikaponyoka. Klabu ya Pwani iliyowahi kukitwaa ni Feisal, 1965, na leo Feisal haipo Ligi Kuu.

Na hiyo Bandari yenyewe ilishawahi kufa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 timu ilivunjwa, na haikurudi hadi 2004. Mashabiki hawakuulizwa. Timu ikiwa mali ya mwajiri, kalamu moja ofisini yatosha. Waulize watu wa Awendo: SoNy Sugar, mabingwa wa 2006, walitimuliwa ligini 2019 baada ya kukosa kufika uwanjani mara tatu, wakati kiwanda chao kikiwa hoi kifedha.

Hapo ndipo wewe wa Kwale unapoingia. Kwetu waajiri huja na kuondoka. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa 1988. Base Titanium ilimaliza kuchimba madini Desemba 2024. Hoteli za Diani nazo hujaa na kupwa kama bahari. Ukisubiri tajiri akuanzishie klabu, akiondoka ataondoka nayo.

Basi fanyeni hivi. Ile timu yenu ya mtaa, iandikieni katiba. Mchague viongozi, mfungue akaunti, kila mwanachama atoe chake hata kama ni kidogo. Sheria ya Michezo ya 2013 inataka vilabu visajiliwe kwa Msajili wa Michezo, kwa hiyo jisajilini. Na msiishie kwenye soka: wasichana wanaorusha voliboli ufuoni jioni wapeni jezi ya rangi hiyohiyo na kura sawa mkutanini.

Mfadhili akija, karibu. Lakini akute klabu ina wenyewe.