Kutangulia, kutangulizwa na kujitanguliza

Juzi nikisahihisha kazi za tafsiri za wanafunzi wangu, nilikutana na sentensi hii: "Watoto wa mjini wana mwanzo wa kichwa kuliko wenzao wa mashambani." Alikotoka mwanafunzi huyu palikuwa wazi. Matini ya Kiingereza ilisema kwamba watoto hao wana "head start". Lakini msomaji asiyejua Kiingereza atauliza, na ana haki ya kuuliza: kichwa kimeanza nini?

Ni rahisi kucheka, ila tatizo lenyewe si dogo. Kiingereza kina semi chungu nzima za kumzungumzia mtu aliyepata nafasi nzuri mapema, na nyingi zilizaliwa katika mashindano. "Head start" ni ya mbio za farasi, ambako umbali baina ya mshindi na anayemfuata hupimwa kwa kichwa, kwa shingo au kwa mwili mzima wa mnyama. "Pole position", ambayo wapenzi wa mbio za magari huisikia kila msimu, nayo ilitoka kwa farasi: palikuwa na nguzo upande wa ndani wa uwanja, na farasi aliyeanzia karibu nayo alizunguka kona kwa njia fupi kuliko wenzake. "Inside track" ni picha ya uwanja uo huo. "Steal a march" ni ya wanajeshi. Kikosi kinaondoka kimyakimya usiku, na adui anapoamka anakuta kimeshafika.

Hata neno "advantage" lenyewe lina siri yake. Waingereza walilichukua kutoka Kifaransa, "avantage", na ndani yake mna "avant", yaani mbele au kabla. Ile herufi "d" ilichomekwa baadaye na watu waliodhani neno linaanza na kiambishi cha Kilatini. Kwa hiyo manufaa, kwa asili ya neno hilo, ni kule kuwa mbele tu.

Sasa, Wakenya wengi hatujawahi kutia guu katika uwanja wa farasi wa Ngong, na hatuna sababu ya kuwabeba farasi hao hadi kwenye Kiswahili chetu. Wapo wanaoliona hilo, wakakwepa kwa kuandika "faida ya mapema" kila mahali. Hapo ndipo mimi hutofautiana nao. Semi hizi hazifanani kimaadili. Aliye na "head start" huenda alipewa. Aliye na "pole position" katika magari aliipata kwa jasho, kwa kuendesha kasi kuliko wenzake siku ya kufuzu. Aliyefanya "steal a march" kuna wizi ndani ya jina lake. Na "jump the gun" ni kuondoka kabla ya mlio wa bastola, jambo lililomtoa Usain Bolt katika fainali ya mita 100 kule Daegu mwaka wa 2011. Ukiwaweka wote hawa katika kapu la "faida ya mapema", umemfichia msomaji jambo la msingi: huyu alifikaje mbele?

Kiswahili hujibu swali hilo bila farasi wala bunduki. Chukua kitenzi "tangulia", ukinyambue kama unavyowafundisha watoto wa sekondari. Aliyetangulia amekwenda mbele kwa miguu yake. Aliyetangulizwa amewekwa mbele na mtu mwingine, na papo hapo tunataka kumjua aliyemweka. Aliyejitanguliza amejiweka mwenyewe, na masikio yetu yanasikia lawama kidogo. Aliyetanguliwa ni yule wa nyuma, ambaye habari za Kiingereza aghalabu humsahau. Mnyambuliko huu tumeufanya zoezi la mtihani, mwanafunzi ajaze pengo apate alama, kumbe ndani yake mna hukumu nzima ya nani alimtendea nani.

Tofauti hii si ya madarasani tu. Tazama mbio za mita 400. Mkimbiaji wa leni ya nane huanza zaidi ya mita 50 mbele ya yule wa leni ya kwanza, na mtu asiyeujua mchezo huo anaweza kupiga kelele kwamba kuna upendeleo. Hakuna. Kona ya nje ni ndefu kuliko ya ndani, kwa hiyo mkimbiaji yule ametangulizwa ili wote wakimbie umbali sawa. Wamarekani walipoanzisha mradi wao wa Head Start mwaka wa 1965, enzi za Rais Lyndon B. Johnson, waliwalenga watoto wadogo wa familia maskini kwa fikra hiyohiyo. Jina linasema mtoto anawekwa mbele, lakini nia ilikuwa aanze shule pamoja na wenzake. Ndiyo maana tafsiri ya "faida" ingeupotosha mradi huo kabisa.

Nasi tunayo yetu. Kifungu cha 204 cha Katiba ya 2010 kiliunda Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Mwandishi wa habari akiandika kwamba maeneo hayo "yanapendelewa", ameshatoa uamuzi wake kabla msomaji hajaamua. Akiandika "yanatangulizwa", au kwa uwazi zaidi "yanapunguziwa pengo", ameeleza kinachofanyika, na mjadala ungali wazi. Anayepinga hazina hiyo ana nafasi ya kusema. Asiseme tu kupitia kitenzi cha mwandishi.

Tahadhari ndogo, msomaji. Ukisema "mzee ametangulia" kisha unyamaze, watu wataanza kukupa pole. Tangulia pia ni kufa, na labda ndiyo sababu wahenga hawakuushabikia sana umbele. Walisema kutangulia si kufika. Ndege wa Kiingereza hupata mnyoo kwa kudamka, lakini mgaagaa na upwa wetu hali wali mkavu kwa sababu anazungukazunguka ufuoni, wala hatuambiwi alitoka nyumbani saa ngapi. Vijana wetu wa "mapema ndio best" wako karibu zaidi na yule ndege.

Kuna kitenzi kingine ambacho Kenya tumekidhulumu: "wahi". Kwetu kimebaki kuwa kisaidizi tu, "umewahi kufika Lamu?" Tanzania bado kinafanya kazi yake ya asili. Abiria huwahi siti, na anayefika akaikuta imeshakaliwa husema, "Nimewahiwa." Neno moja tu. Jaribu kulitafsiri hilo kwa Kiingereza bila kuunda sentensi nzima.