Injini Isukumayo na Injini Ivutayo: Istilahi za Reli Katika Mwinuko

Mfasiri wa vitabu vya reli hushawishika mapema kutumia maneno "injini ya msaada". Maneno haya ni Kiswahili safi na kila msomaji huyaelewa. Hata hivyo katika kazi ya reli hayatoshi, kwa sababu hayasemi kama msaada huo unatoka mbele ya treni au nyuma yake. Katika makala haya tutaeleza kwa nini tofauti hiyo ina maana, tukichukua mfano wa mwinuko wa Lickey huko Uingereza, kisha tutapendekeza istilahi.

Mwinuko wa Lickey umo katika njia ya reli itokayo Gloucester kwenda Birmingham, nao ulifunguliwa mwaka 1840. Huanzia Bromsgrove na kuishia Blackwell, mwendo wa kilometa 3 na kidogo. Mwinamo wake ni 1 kwa 37.7, yaani kwa kila mita 37.7 za mwendo reli hupanda mita 1. Kwa mtu aendaye kwa miguu, kilima cha namna hiyo si kitu. Kwa treni ni kazi kubwa. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halishiki sana, hasa reli ikilowa, na likizidiwa huzunguka pale pale. Treni ya tani 300 ikiwa katika mwinamo huo huhitaji nguvu iliyo sawa na uzito wa karibu tani 8 ili isirudi nyuma tu, kabla ya kuhesabu msuguano.

Hapo mwanzo kampuni ya reli hiyo iliagiza injini za mvuke kutoka kwa Norris wa Philadelphia, Marekani, kwa kuwa zilisifiwa kwa kupanda vilima. Treni zilipozidi kuwa nzito, injini nyingine zilikaa Bromsgrove zikingoja kuzisaidia. Iliyopata sifa kuliko zote ilitengenezwa Derby mwaka 1919, ikiwa na magurudumu 10 ya kuendeshea, na wafanyakazi waliipa jina la Big Bertha. Iliifanya kazi hiyo hadi mwaka 1956. Ilifungiwa taa kubwa ya umeme ili usiku dereva aone vizuri behewa la mwisho alipokuwa akilikaribia.

Taa hiyo yatufahamisha jambo kubwa: injini hii ilifanya kazi nyuma ya treni. Tena haikufungwa kwenye treni. Iliigusa tu, dereva wake akapiga filimbi kuonyesha kuwa yu tayari, dereva wa mbele akajibu, na wote wawili wakafungua mvuke. Treni ilipofika kileleni, injini ya nyuma ilipunguza mwendo na kuachwa, kisha ikarudi Bromsgrove kungoja treni nyingine. Treni yenyewe haikuwa na haja ya kusimama.

Kusukuma kutoka nyuma kuna faida nyingine. Injini mbili zikivuta kutoka mbele, uzito wote wa treni huning'inia katika kiungio cha behewa la kwanza. Kiungio kikikatika, mabehewa hurudi nyuma kwa kasi. Injini ikiwa nyuma, viungio hupunguziwa mzigo, na mabehewa yakikatika huwa na kitu cha kuyazuia.

Sasa na tuitazame kazi ya mfasiri. Tuseme amepewa kanuni isemayo kwamba injini ya nyuma isifungwe kwenye treni. Akiandika "injini ya msaada isifungwe", msomaji anayeijua injini ya pili iliyo mbele ataona kanuni haina akili, maana injini isiyofungwa haiwezi kuvuta. Ama ataipuuza, ama ataitumia mahali pasipostahili. Kosa la neno moja katika kitabu cha hadithi humchekesha msomaji. Katika kitabu cha kanuni za reli laweza kuua watu.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi zifuatazo:

Injini sukumizi: injini inayoisukuma treni kutoka nyuma ili kuipandisha mwinuko. Kama vile saidia hutupa saidizi, ndivyo sukumia hutupa sukumizi.

Injini tangulizi: injini ya pili iliyofungwa mbele ya injini ya treni ili kuisaidia kuvuta. Sharti neno "iliyofungwa" lisiachwe katika maelezo yake, isije ikadhaniwa ni injini iendayo peke yake mbele ya treni.

Mwinamo: kipimo cha ulalo wa njia, bila kujali treni yaelekea wapi.

Mwinuko na mteremko: mahali pale pale, kwa treni ipandayo na kwa treni ishukayo. Lugha nyingine hutosheka na neno moja kwa yote mawili. Kiswahili chatutaka tuulize kwanza treni yaenda upande gani.

Neno "garimoshi" tumeliepuka kwa makusudi, kwani wengi hulitumia kwa treni nzima. Istilahi nzuri si ile ipendezayo sikioni tu, bali ni ile ambayo dereva, gadi na mwalimu wakiisoma, kila mmoja akiwa peke yake, watailenga injini ile ile.