Kamera ya filamu ya mtumba: mnunuzi mgeni aangalie nini kabla ya kulipa

Kamera za filamu zimerudi sokoni. Mwaka 2024 kampuni ya Ricoh ya Japani ilitoa kamera mpya ya aina hiyo, Pentax 17, lakini wanaoanza wengi bado hutafuta zile za mkono zilizotengenezwa miaka ya 1970 na 1980. Zote hizo ni mitumba, na mfanyabiashara asiyezijua hununua mzigo ambao mteja atamrudishia.

Swali la kwanza si jina la kamera bali kama inafanya kazi bila betri. Canon AE-1, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, inapendwa sana, lakini shata yake inaongozwa na umeme. Betri yake ya volti 6 ikiisha, kamera haipigi hata picha moja, na saketi ikiungua si kila fundi ataweza kuitengeneza.

Pentax K1000 ilitoka mwaka huohuo na ikaendelea kutengenezwa hadi 1997. Shata yake ni ya vyuma na springi, kuanzia sekunde 1 hadi sehemu ya 1,000 ya sekunde. Betri ni ya mita ya mwanga tu. Haina swichi ya kuzima mita, hivyo asiyefunika lenzi huimaliza betri bure. Kwa anayeanza, mwandishi huyu angechagua hii. Nikon FM2 ya mwaka 1982 ni bora zaidi, ila bei yake huwa juu. Olympus OM-1 nayo ni imara, lakini mita yake iliundwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo imeondolewa sokoni. Ukiweka ya volti 1.5 bila kurekebisha, vipimo vinaweza kupotoka.

Ukiwa mbele ya muuzaji, fungua mgongo wa kamera, hakikisha haina filamu, kisha piga shata kwa sekunde 1 ukisikiliza. Ikisita au ikigoma kufunga, mafuta ya ndani yamekauka. Kwenye K1000 elekeza shata iliyofungwa kwenye mwanga mkali, kwani ni ya kitambaa na huweza kutoboka. Sponji nyeusi za mlangoni zikinata kama lami, mwanga utaingia. Hilo ni tatizo dogo, zinabadilishwa, ila lishushe bei.

Lenzi ndiyo inayowaponza wengi, hasa mzigo uliokaa pwani. Imulike kwa tochi. Nyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo ni kuvu, na kuvu hula kioo chenyewe. Iache, hata kama inauzwa kwa bei ya kutupa. Vumbi kidogo si neno.

Kwa hesabu za biashara, kamera hulipiwa mara moja. Filamu na kusafisha picha hulipiwa kila baada ya picha 36. Muulize mteja atasafishia wapi kabla hujamwagizia. Filamu ya nyeusi na nyeupe anaweza kuisafisha mwenyewe nyumbani akiwa na tangi na dawa.

Mpakani kuna jambo linalowakwaza wengi. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Kamera ya Japani haiingii humo hata kama umeinunua Nairobi au Kampala. Beba stakabadhi yenye namba ya kamera, na uitangaze forodhani.

Wasafirishaji nao wasiiache filamu kwenye kabini ya lori juani, maana joto huiharibu kabla haijapigwa. Uwanja wa ndege, ibebe mkononi na uombe ikaguliwe kwa macho, kwa sababu mashine mpya za mizigo huiunguza.